Upasuaji wa Kupunguza Unene: Siri Ina Hatari Kuliko Kisu

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humuumbua. Nimeutumia msemo huu mara nyingi nilipoandika matangazo ya jeshi kuhusu malaria, kifua kikuu na ukimwi. Hata hivyo sikuujua uzito wake hadi ulipomfika ofisa mwenzangu, Kapteni mmoja ambaye tulianza naye mafunzo siku moja katika chuo cha kadeti, tukalala hema moja na kugawana chumvi. Amenipa ruhusa nisimulie yaliyompata, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala kikosi chake. Nami nasimulia kwa sababu naamini wako askari na polisi wengine, hapa Uganda na kwa majirani zetu, wanaoelekea kuifuata njia ile ile gizani.

Tulipohitimu, mwenzangu huyu alikuwa mwembamba, na katika mbio za masafa marefu wengi wetu tuliuona mgongo wake tu. Miaka ikapita. Goti lake likaumia, kazi ikamweka ofisini, na mwili ukaongezeka hadi kufikia kilo 121 kwa urefu wa mita 1.70. Kisukari kikaja, shinikizo la damu likafuata, na usiku alikoroma hadi pumzi ikakatika. Nasi wenzake katika mesi tulimtania. Tulimwita Brigedia Kitambi. Mimi mwenyewe nililitumia jina hilo, tena mbele ya vijana waliokuwa chini ya amri yake, na wote wakacheka.

Basi aliomba likizo yake ya mwaka, akauza kiwanja, akasafiri ng'ambo bila kumwambia mtu isipokuwa mkewe, akapasuliwa tumbo ili apungue. Siku ya nane alikuwa ndani ya ndege akirudi nyumbani. Wiki ya nne likizo ilikwisha, akaripoti kazini. Madaktari walikuwa wamempa karatasi yenye maelekezo kwamba ale vyakula laini, kidogo kidogo. Lakini ofisa anayekunywa supu peke yake, ilhali wenzake wanakula nyama na posho, hakosi kuulizwa maswali. Ili asiulizwe, alikula kama sisi. Akatapika. Akala tena, akatapika tena, kila siku, kwa muda wa wiki tatu. Vidonge vya vitamini alivyoagizwa kumeza kila siku alivifungia sandukuni nyumbani, mtu asije akaviona.

Asubuhi moja, akiwa kwenye gwaride, alianza kuona kila mtu kama watu wawili. Miguu ikafa ganzi, akaanguka. Katika zahanati ya kikosi, mganga wa zamu alimwona mtu aliyedhoofika, anayetapika na kusema maneno yasiyoeleweka. Alidhani ni malaria iliyopanda kichwani, akamtundikia dripu ya maji ya sukari. Hali ikazidi kuwa mbaya. Kambini uvumi ukaenea kwamba Kapteni amelishwa sumu, wengine wakasema amerogwa. Jioni mkewe alifika, akalia, kisha akasema ukweli.

Daktari wa hospitali kubwa alipoarifiwa, aliutambua ugonjwa mara moja. Mwili wa mwenzangu ulikuwa umeishiwa vitamini B1, iitwayo thiamini. Akiba ya vitamini hiyo mwilini hutosha kwa wiki chache tu, na mtu anayetapika kila siku huimaliza upesi. Tena mwili huitumia vitamini hiyo hiyo kuichoma sukari. Kwa hiyo ile dripu, pasipo sindano ya B1 kwanza, ilimaliza hata masalia yaliyobaki. Alipodungwa sindano, macho yalirudi hali yake baada ya siku mbili. Miguu haikurudi upesi hivyo. Leo ni miezi saba, naye angali anatembea kwa fimbo.

Je, tumlaumu nani? Si mganga wa zamu, kwani alinyimwa habari ambayo pasipo hiyo asingeweza kujua. Wala si kisu cha madaktari wa ng'ambo, kwani kazi yao waliifanya sawasawa. Kilichomlemaza mwenzangu ni siri, na siri hiyo tuliijenga sisi kwa vicheko vyetu. Ndiyo sababu nasema leo, bila kuzunguka, kwamba askari anayehitaji upasuaji huu hana budi kuutangaza kwa daktari wa kikosi chake, na kikosi hakina budi kumpokea kama kinavyompokea aliyevunjika mguu.

Si urembo, wala si uvivu

Watu wengi hudhani upasuaji huu ni anasa ya matajiri wanaotaka kupendeza. La hasha. Ni tiba, na historia yake si ya jana. Mwaka 1966 Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza upasuaji unaokifanya chakula kipite kando ya sehemu kubwa ya tumbo. Tangu wakati huo njia zimeboreshwa. Siku hizi madaktari hutoboa matundu madogo tumboni, wakaingiza kamera na vyombo vyembamba, badala ya kupasua jeraha kubwa.

Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kukata na kuondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki jembamba kama ndizi. Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, kiasi cha kujaa vijiko viwili vikubwa vya maji, kisha kukiunganisha na utumbo mwembamba. Kwa njia zote mbili mtu hushiba kwa chakula kidogo, na hata zile ishara za mwili zinazoleta njaa hubadilika.

Si kila mwenye kitambi anastahili kupasuliwa. Madaktari hugawanya uzito kwa kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Mwaka 1991 wataalamu waliokutana Marekani walipendekeza upasuaji kwa mwenye kipimo cha 40 na zaidi, au 35 na zaidi ikiwa ana maradhi yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama vikuu vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha mipaka hiyo: 35 na zaidi hata bila maradhi mengine, na kuanzia 30 mgonjwa anaweza kufikiriwa ikiwa ana maradhi kama kisukari. Kwa mtu wa mita 1.70, kipimo cha 35 ni karibu kilo 101, na 40 ni karibu kilo 116. Lakini askari mwenye misuli mikubwa anaweza kudanganywa na hesabu hiyo. Kwa hiyo daktari hupima kiuno, damu na moyo pia kabla ya kutoa uamuzi.

Najua afande mmoja atasema: "Askari hakatwi tumbo, askari anakimbia." Namheshimu, na nusu ya neno lake ni kweli. Mbio za asubuhi, chakula cha kiasi na kupunguza pombe ndiyo kinga ya jeshi zima, na hakuna kisu kitakachochukua nafasi yake. Laiti mwenzangu angalisaidiwa mapema, pengine asingalifika alikofika. Lakini kinga ni jambo moja na tiba ni jambo jingine. Mwili uliokwisha kuwa mnene sana huupigania unene wake: mtu akipungua, njaa huongezeka na mwili huchoma chakula kwa ubahili. Mwambie mtu wa kilo 121 mwenye goti bovu akimbie kilomita kumi, naye atakuletea magoti mawili mabovu. Huko Uswidi, kuanzia mwaka 1987, madaktari walifuatilia watu wanene wapatao 4,000, nusu yao wakiwa wamepasuliwa na nusu wakitibiwa kwa njia za kawaida. Taarifa iliyotolewa mwaka 2007 ilionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache zaidi. Hilo si suala la urembo.

Matayarisho ndiyo nusu ya kazi

Hakuna kamanda anayepeleka kikosi mahali asipopafanyia upelelezi. Ajabu ni kwamba watu wale wale huuza viwanja vyao na kupanda ndege kwenda kupasuliwa na daktari wasiyemjua, kwa sababu tu bei ilikuwa nafuu. Yafaa mtu aulize kwanza: daktari huyu amefanya kazi hii mara ngapi? Nikipatwa na tatizo usiku, baada ya kurudi nyumbani, ni nani atakayenipokea? Asiyepata jibu la swali hili la pili, basi hajawa tayari.

Vipimo havina budi kufanywa kabla. Damu hupimwa sukari, wekundu wa damu, madini ya chuma na vitamini. Moyo hupimwa. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku apimwe usingizi wake, kwani nusukaputi kwake ina hatari zaidi. Mara nyingi mrija wenye kamera hupitishwa kooni ili kutazama vidonda na vijidudu vya tumbo. Daktari au mshauri hana budi pia kuzungumza na mgonjwa kuhusu mawazo yake, maana yuko anayekula kwa huzuni, na yuko anayekula kwa kumbukumbu za vita. Kisu hakikati huzuni.

Sigara iachwe wiki sita kabla, au mapema zaidi, na isirudiwe, kwani huzuia jeraha kupona na huleta vidonda. Kwa muda wa wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe, mgonjwa hupewa chakula chepesi kisicho na wanga na mafuta mengi. Sababu yake ni kwamba ini la mtu mnene hujaa mafuta likavimba na kulifunika tumbo. Chakula hicho hulipunguza ini ili daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Anayekula karamu ya kuaga usiku wa mwisho anamfungia daktari njia.

Zaidi ya hayo, matayarisho ni ya nyumba nzima. Mke au mume ajue kitakachopikwa, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Kwetu sisi sahani iliyojaa ni heshima, na mgeni asiyemaliza chakula humtia mwenyeji wasiwasi. Yafaa mama mkwe na ndugu waambiwe mapema, wasije wakaona dharau pale pasipo na dharau.

Baada ya kisu

Katika hospitali zenye uzoefu, wanaokufa ndani ya siku 30 kwa sababu ya upasuaji huu ni chini ya mtu mmoja kati ya 200. Hatari hiyo ni ndogo, lakini ipo. Saa chache baada ya kuzinduka mgonjwa huambiwa asimame na kutembea, ili damu isigande miguuni. Ni hatari hiyo hiyo inayofanya safari ndefu ya ndege siku chache baada ya upasuaji isiwe jambo la kuchezea. Mwenye kuona moyo unakwenda mbio bila kupumzika, homa, maumivu makali ya tumbo, pumzi fupi, au ndama wa mguu kuvimba na kuuma, asingoje asubuhi. Huenda mshono unavuja, au damu imeganda. Aende hospitali saa ile ile, na aseme waziwazi: "Nimepasuliwa tumbo."

Chakula hurudi kwa hatua. Siku za kwanza ni maji na supu iliyochujwa, kwa midomo midogo. Hadi mwisho wa wiki ya pili ni vinywaji vizito kidogo, kama maziwa na uji mwepesi wa ulezi usio na sukari. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyopondwa: maharagwe yaliyosagwa, yai laini, samaki aliyechambuliwa miiba, mukene wa kusaga. Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini. Vyakula vya kawaida huanza karibu wiki ya nane, na kila hospitali ina ratiba yake ambayo yapasa kufuatwa. Posho ngumu, mkate na nyama ya kuchoma hukwama upesi. Hivyo viwe vya mwisho. Vyakula vya kujenga mwili huliwa kwanza katika kila mlo, maana mgonjwa anahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Maji yanywewe kidogo kidogo kutwa nzima, yafike lita moja na nusu, lakini si pamoja na chakula. Asubiri nusu saa. Soda na chai yenye sukari nyingi zinaweza kumletea jasho, mapigo ya moyo na kuhara, hasa aliyepasuliwa kwa ile njia ya pili.

Vitamini na madini humezwa maisha yote, na damu hupimwa kila mwaka. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa sababu mtu amekwisha kupungua, suruali inamlegea, anajiona mzima. Anayetapika zaidi ya siku mbili au tatu asivumilie kiaskari. Ushujaa wa namna hiyo ndio uliompa mwenzangu fimbo.

Yako mambo ya kazi yetu ambayo karatasi za ng'ambo huenda zisiyataje. Askari wengi, baada ya matembezi marefu, humeza vidonge vya maumivu kama diklofenaki na brufeni kama karanga. Aliyepasuliwa, hasa kwa njia ya pili, akivimeza anaweza kupata kidonda kinachotoka damu. Amwombe daktari dawa nyingine. Pombe humpanda upesi mno, na baadhi ya watu waliopona unene wameingia katika ulevi. Glasi ya waragi iliyokuwa mazoea sasa ni hatari kwa mtu anayeshika bunduki au kuendesha gari la doria. Dawa za kisukari na za shinikizo zipunguzwe na daktari kadiri mwili unavyopungua, la sivyo sukari au shinikizo litashuka mno, na mtu ataanguka lindoni. Wanawake wenzetu jeshini na polisi wangoje miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, na waulize daktari kuhusu njia ya uzazi wa mpango, kwani vidonge vinaweza visifanye kazi ipasavyo baada ya upasuaji.

Kubeba mizigo mizito kusianze kabla ya wiki nne hadi sita, na gwaride la mbio lirudi kwa ruhusa ya daktari. Nywele zinaweza kupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Kwa kawaida huota tena. Kwa wengi mwili hupungua robo nzima au zaidi katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha husimama, na kwa baadhi huanza kurudi. Kisu hufungua mlango tu, safari ni ya mgonjwa mwenyewe.

Wajibu wetu

Basi naomba mambo matatu, na ninayaomba kwa heshima.

Kwanza, askari au polisi anayekusudia kupasuliwa amwambie daktari wa kikosi kabla ya kuondoka, amwachie nakala ya karatasi zake zote akirudi, na abebe kadi mfukoni inayoeleza alichofanyiwa. Kama mganga wa zamu angaliiona kadi hiyo katika mfuko wa Kapteni, habari ingalikuwa nyingine.

Pili, makamanda waitunze siri ya mgonjwa, lakini wasimlazimishe kujificha. Mpeni kazi nyepesi kwa muda ambao daktari ameandika. Mruhusuni ale mara tano au sita kwa siku, hata akiwa kwenye kizuizi cha barabarani na chupa yake ya uji. Jambo hilo haliligharimu jeshi hata shilingi moja. Kumpoteza ofisa aliyefundishwa kwa miaka mingi kunaligharimu sana.

Tatu, sisi wenzake tuache mzaha. Hapa naanza na nafsi yangu. Kazi yangu ni kusema kwa niaba ya jeshi, na nimesema mengi. Lakini katika mesi, pale neno langu lilipohitajika, nilicheka pamoja na wengine. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwa Kapteni nikamwomba radhi. Alinikaribisha, mkewe akatuletea chakula, kwangu sahani kubwa, kwake bakuli dogo la samaki. Alikula taratibu, akaweka kijiko chini kila baada ya tonge, na alipomaliza alimeza vidonge vyake mbele yangu. Kisha aliichukua fimbo yake, akanisindikiza hadi barabarani.

Alinieleza kwamba sasa ana kilo 92, kisukari kimetulia, na usiku analala bila kukoroma. "Nilichokitaka nimekipata," aliniambia, "ila nimelipa mara mbili." Ndugu askari, ndugu polisi, malipo yale ya pili hayakuwa ya lazima. Tusikubali mwenzetu mwingine ayalipe.